Kumwaga Mwisho

Nianze na ukweli, maana nimechoka kujifanya mwema: nilimchukia yule fundi cherehani kwa moyo wangu wote, na hakuwa amenikosea kitu. Hakuninyang'anya mchumba, hakunitukana, hakunisengenya popote. Alisoma vitabu tu, akawaambia watu vinahusu nini. Watu wakamsikiliza yeye kuliko walivyonisikiliza mimi, na kati ya watu hao alikuwemo mama yangu mzazi.

Hii ilikuwa Mpanda, katikati ya miaka ya tisini, tukiwa bado chini ya Mkoa wa Rukwa na magazeti yakitufikia kwa treni habari zikiwa zimeshapoa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti mdogo tu, lakini nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na chuo cha ualimu, na kwa taarifa yenu mtihani wa Kiswahili niliufaulu kuliko wote darasani kwetu. Nyumbani, mtaa wa Ilembo, tuliishi wawili, mimi na mama. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alizaliwa kijiji cha Mamba, mkulima wa mpunga tangu utoto, na kusoma hakujua. Ule mwaka wa kisomo cha watu wazima mimi nilikuwa mchanga, kila akiingia darasani nalia, mwisho akaacha.

Sasa, habari ya kabati. Ofisa mmoja wa elimu alipostaafu na kurudi kwao alituachia sisi wakazi kabati la mninga lenye vitabu mia moja na kitu. Tukaliweka kwenye chumba cha nyuma cha ghala la zamani la tumbaku, na kwa kuwa mimi ni mwalimu, nikapewa ufunguo. Mlikuwa na kila aina humo: upelelezi, mapenzi, mashairi, tamthilia, hadithi za kale, historia, dini, kilimo. Lakini kila kitabu kilikuwa kimoja tu, na wasomaji walikuwa wengi. Mtu akitoka mbali kule Majimoto kwa baiskeli, akaondoka na kitabu kisichomfaa, basi atakaa nacho wiki tatu bure na mwenzake mwenye hamu nacho anasubiri.

Ndipo tukaweka utaratibu wetu. Kitabu hakirudishwi kwa mkono peke yake, kinarudishwa na kwa mdomo. Jumamosi saa nane mchana, anayerudisha anasimama mbele ya kabati, anasema kinahusu nini, nani akisome na nani asijisumbue. Ukisimama ukang'aa macho, unarudi nacho nyumbani ukakisome upya. Na kulikuwa na sheria moja kubwa. Niliiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu nikaibandika kwenye mlango wa kabati: ni marufuku kumwaga mwisho. Atakayetaja hadithi inavyoishia hagusi kitabu mwezi mzima, awe nani.

Jumamosi hizo nilitawala, sina haja ya kuficha. Nilisimama na gauni langu la kitenge nikawapa fani na maudhui mpaka wakakoma. Dhamira kuu, dhamira ndogondogo, migogoro, usawiri wa wahusika, vyote nilivipanga kama nilivyofundishwa. Wazee walitikisa vichwa. Siku hizo nilidhani wanatikisa kwa kuelewa. Na mama alikaa benchi la mbele, kanga mbili safi, akimgusa jirani yake begani: "Huyo wangu huyo." Kwa maneno hayo matatu ningeweza kusimama pale mpaka kesho yake.

Nyumbani nako mtawala nilikuwa mimi. Kila jioni, jua likiwa bado lipo, mama aliweka ungo miguuni akachagua mchele, na mimi nikamsomea. Kitabu nilichagua mimi. Sauti ilikuwa yangu. Akicheka anacheka kwa sababu yangu, akiguna anaguna kwa sababu yangu. Mtu asije kuniambia kwamba hiyo si raha. Ni raha kubwa sana.

Halafu akaja fundi. Watu wake walikuwa wafugaji waliohama na ng'ombe kutoka kaskazini wakafikia Majimoto, na yeye akaja mjini kushona, kibaraza chake kiko njia ya sokoni. Darasa la saba, basi. Kiswahili chake kilikuwa na Kisukuma ndani yake, kila akishukuru anasema "wabeja." Jumamosi yake ya kwanza aliazima kitabu cha ufugaji wa kuku, kitabu ambacho tangu kabati lifike kilitumika kuzuia mlango usifungwe na upepo. Nikamwandikia kwenye daftari huku nacheka kimoyomoyo.

Wiki mbili baadaye akasimama kukirudisha. Mikono ameificha nyuma, macho chini.

"Nimekisoma mara mbili na kuku sina," akasema. "Huyu aliyeandika anasema kuku akiugua umtenge, lakini umuweke mahali anaposikia sauti za wenzake, la sivyo atakufa kwa upweke kabla ya ugonjwa. Nikamkumbuka shangazi yangu. Aliugua kifua, sisi tukamjengea kibanda mbali na nyumba, hatukumfikiria kama kuku alivyofikiriwa humu. Basi akisome mtu mwenye mgonjwa. Mwenye haraka ya mayai asijisumbue. Wabeja."

Mikono ikapanda juu, mitatu, minne, sita. Watu wanagombea kitabu cha kuku, jamani! Kitabu cha kuku! Nikageuka kumwangalia mama ili tucheke pamoja, nikamkuta anajifuta macho kwa pembe ya kanga.

Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi nilidharau. Nilidhani amebahatisha. Kumbe ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Mimi nilikipenda kitabu kwanza, halafu nikakitafutia mtu wa kukistahili. Yeye alianza na mtu. "We kaka, wiki hii imekuendeaje?" anauliza, taratibu, na mtu mzima na ndevu zake anajikuta anaeleza mambo ya nyumbani kwake mbele ya kabati. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori aliyekimbiwa na mke. Mimi nilimpa riwaya nzito juu ya mgogoro wa matajiri na maskini, kurasa mia tatu, akairudisha baada ya siku tatu akisema macho yanamuuma. Fundi akampa tamthilia ya mume na mke. "Soma kwa sauti," akamwambia, "na maneno ya mwanamke uyasome wewe mwenyewe." Majirani wakamsikia ndani anajibizana peke yake, mara sauti nene, mara nyembamba, wakacheka hadi kulala chini. Wiki ya pili yake akaomba ruhusa kazini akaenda kumfuata mkewe Majimoto. Alivyomwambia huko sijui, ila mke alirudi.

Roho iliniuma, we acha tu. Nikaanza kumtafuta kasoro. Nikasahihisha matamshi yake mbele ya watu, akasema, "Wabeja mwalimu," akarudia neno kama nilivyolisema, akaendelea. Ungemgombeza vipi mtu wa namna hiyo? Nikatunga kanuni mpya kwamba asimame mwisho, nikidhani watu watakuwa wamechoka na kuondoka. Wakabaki. Waliokuwa na kawaida ya kuondoka mapema nao wakabaki.

Na akamwita mama yangu "mayu." Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama. Mayu huku, mayu kule, mayu kaa hapa penye kivuli. Mama hakuwa Msukuma, angeweza kumwambia mimi si mayu wako. Lakini wapi! Akaitika, tena kwa sauti laini ambayo nyumbani nilikuwa sijaisikia siku nyingi.

Jioni moja nilifungua historia niliyoichagua, nikasoma kurasa mbili, mama akaniuliza bila kuinua macho kwenye ungo: "Hicho nani amekisifu?"

"Mimi."

"Haya." Akachagua mchele kidogo. "Yule fundi amesema kile cha mapenzi, cha yule mjane, ni kizuri sana. Kesho niletee hicho."

"Kimeazimwa," nikasema.

Kilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya madaftari ya watoto. Nilikuwa nimekichukua siku hiyohiyo ili nione amekisifia nini, na nilikuwa nimeshakisoma nusu nikiwa ofisini, na kilikuwa kizuri. Hilo ndilo lililonitia hasira zaidi. Nikaendelea kumsomea mama historia yangu mpaka akasinzia na ungo mapajani. Kesho yake nikakirudisha kabatini kimyakimya, nikakisukuma nyuma ya vitabu vya dini. Jumamosi hiyo fundi akakiona, akauliza kama anaweza kukiazima tena. Nikamwandikia.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Chumba kilijaa, hata dirishani watu walisimama. Fundi alikuwa anarudisha kitabu cha upelelezi. Tajiri mwenye mashamba amekutwa amekufa ghalani kwake, na nyumbani mlikuwa na watu watano, kila mmoja ana sababu. Alitueleza mmoja mmoja. Mke, na kicheko chake kisicho na wakati. Mdogo wa marehemu, na viatu vyake vyenye tope. Mpishi mpole aliyelelewa humo humo tangu mtoto. Hakupandisha sauti hata kidogo. Mimi nilikuwa nimekisoma zamani, najua kila kitu, lakini nikajikuta nimeshika kingo za kiti. Akafika pale mpelelezi anapowakusanya wote sebuleni, akanyamaza.

"Hapo," akasema, "nilikuwa nimebandika uji. Niliuacha ukaungua mpaka sufuria ikatoboka."

Watu wakalia aah! Na mama yangu, mama yangu mimi, akainuka nusu kwenye benchi, mikono ameifumbata kifuani, akasema, "Hebu tuibie kidogo tu, mwanangu!"

Mwanangu.

Nilisimama. Sikukusudia kusimama. Nikasikia sauti yangu, ile ninayotumia kunyamazishia darasa lenye watoto tisini: "Mpishi! Mpishi ndiye kaua! Ukurasa wa mwisho anakiri mwenyewe, basi, mmefurahi?"

Mzee mmoja aliyekuwa na zamu ya kukiazima akavua kofia yake, akaiangalia ndani, akaivaa tena. "Aah, mwalimu," akasema.

Fundi ndiye aliyejitokeza kunitetea. "Jamani, ulimi hauna mfupa. Mayu, tumsamehe mwalimu." Wallahi, ningemtia kibao. Adhabu ningeivumilia, lakini msamaha wake ulinichoma mpaka kwenye mifupa.

Mama alikuwa bado amesimama. Akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Ufunguo," akasema.

"Mama!"

"Sheria uliiandika wewe. Ukatusomea kwa sauti, maana wengine hatujui kusoma. Ulisema mwezi mzima, na ulisema awe nani. Au nilisikia vibaya?"

Hakusikia vibaya. Nikamwekea ufunguo kiganjani mbele ya wote, naye akamkabidhi yule mzee wa kofia. Tulirudi nyumbani kwa njia moja, yeye mbele mimi nyuma, na hatukusemeshana mpaka tumefika. Akapika wali na mlenda, nikala, nikanuna. Nilinuna wiki nzima nikitegemea atanibembeleza. Thubutu!

Mwezi huo nilijifunza kitu kibaya kuliko kukosa vitabu. Mama hakuomba kusomewa. Nilidhani jioni ya kwanza atasema, basi nisimulie hata cha zamani. Hakusema. Akachagua mchele wake huku anaimba chinichini wimbo wa kanisani, akanitakia usiku mwema. Na kila siku alasiri, nikirudi kutoka shule, nyumba tupu. Jirani anasema, ameenda kwa fundi kupeleka nguo.

Nguo gani? Mama alikuwa na magauni manne na yote nilikuwa nayajua. Ni gauni gani linalopimwa mwezi mzima? Nikajijibu mwenyewe: anaenda kusomewa. Amepata sauti nyingine. Kile kijiba cha roho kikanizidi, na darasani nikawa nachapa watoto kwa makosa ambayo wiki moja nyuma ningeyacheka. Watoto wenyewe waliniona. Walipokuwa wakiniona natokea walikuwa wanaacha michezo.

Alhamisi moja nikashindwa kuvumilia. Kengele ya mwisho ilipogonga nikapita njia ya sokoni, lakini sikutokea mbele. Nikazunguka nyuma ya kibaraza cha fundi, penye ukuta wa matofali, nikasimama pale na mkoba wangu, mwalimu mzima, nasikiliza ukutani. Cherehani ilikuwa inakwenda. Juu ya cherehani kulikuwa na sauti inasoma.

Haikuwa sauti ya fundi.

Ilikwenda polepole, ikasimama, ikarudi nyuma, ikashika tena. "Yu-le m-ja-ne. Mjane. Yule mjane a-ka-fu-ngu-a... akafungua di-ri-sha." Ikanyamaza kidogo, ikavuta pumzi. Halafu yote kwa pamoja: "Yule mjane akafungua dirisha."

Nikatokea. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na kile kitabu cha mapenzi mapajani, kidole chini ya mstari, miwani ya mtu fulani puani. Fundi alikuwa amempa mgongo nusu, anashona sare ya shule, hata hamwangalii.

Mama aliniona. Hakufunga kitabu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu tulipomaliza kuvuna mpunga."

Nikahesabu miezi. Ilikuwa kabla ya mpishi, kabla ya ufunguo. Jioni zote zile anauliza yule fundi amesema nini, kumbe alikuwa anataka kitabu akishike mwenyewe.

"Mama, mimi ni mwalimu!" Sauti ikanipanda, sikuizuia. "Nafundisha watoto wa watu kusoma kila siku ya Mungu! Mpaka uje ufundishwe barazani na mtu wa darasa la saba? Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nilikwambia."

"Lini?"

"Ule mwaka uliotoka chuo. Ukaniletea kitabu cha watoto, tukakaa pale mlangoni. Nikasoma mstari wa kwanza nikakosea. Ukacheka."

"Mimi?"

"Ukacheka sana. Ukasema, mama acha tu, nitakuwa nakusomea mimi." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza mahali lilipo duka. "Nikaacha."

Siikumbuki siku hiyo. Nasema kweli, na si kwamba najitetea. Nimeitafuta miaka yote hii, mlango ule naukumbuka, kitabu chenyewe nakikumbuka kilikuwa na jalada la kijani, lakini kicheko changu sikikumbuki. Kwangu ilipita. Yeye alikaa nayo miaka, akanipikia, akaniandalia maji ya kuoga, akakaa benchi la mbele Jumamosi anasema huyo wangu.

Cherehani ilikuwa imesimama. Fundi alikuwa anaokota vipande vya vitambaa sakafuni ambavyo havikuhitaji kuokotwa. Ningekuwa na akili ningemchukia zaidi siku hiyo, lakini sikuwa na nguvu.

"Naweza kukaa?" nikamuuliza mama.

Akanitazama juu ya miwani. Akafikiria kweli, sikuona kama anatania. "Kaa," akasema. "Lakini usinisahihishe."

Fundi akasogeza kikapu cha vitambaa, nikakaa ukingoni mwa mkeka, magoti yamekunjwa. Akarudi kwenye kiti chake, cherehani ikaanza tena. Mama akatafuta mstari wake kwa kidole, akaupata.

Alisoma. Neno la tatu alilikosea, na mimi nikauma mdomo wa chini mpaka nikahisi chumvi. Cherehani iliendelea kama vile hakuna kilichotokea. Mama akafika mwisho wa mstari, akaona haileti maana, akarudi mwenyewe, akalirekebisha. Akatabasamu, si kwangu, kwa kitabu. Akasoma mstari mwingine, na mwingine. Halafu akakwama kwenye neno refu. Akalijaribu mwanzo wake, akalijaribu tena, kidole kikabaki palepale.

Nililijua neno lile. Kutoka pale nilipokaa nililiona vizuri, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nikasogea karibu kidogo ili akinihitaji anione.

Mama aliinua macho kutoka kwenye ukurasa, yakapita usoni kwangu, yakaenda kwa fundi, yakasubiri hapo.